Hesabu ya Karankasho

Leo hisabati tumeifanyia sakafuni.
Mifuko mitatu: njugu, bisi, peremende,
na sanduku la lozi alilolileta baba yake Wadha
kutoka dukani kwake, Sibu, nyuma ya soko la samaki.
Vifuko thelathini na vinane vya kitambaa, vya darasa la kwanza.
"Gawanyeni sawasawa," nikasema,
"na kitakachobaki mniambie."

Hakuna aliyeramba kidole.
Hilo nataka liandikwe.
Darasa la nne, miaka kumi, wengine hawajaitimiza,
Ramadhani ya kwanza kufunga hadi magharibi,
midomo imekauka kama msasa
na peremende zimelala mapajani mwao
zinanukia ndimu.
Yakdhani aliinusa moja, akaitazama dari, akauliza:
"Mwalimu, na pua nayo hufunga?"
Nikamwambia pua imesamehewa.
Darasa zima likavuta pumzi kwa pamoja.

Mundhir hakukaa chini.
Ameota urefu tangu Shaabani,
kanzu yake haifiki tena vifundoni.
"Sisi wakubwa," akasema. "Karankasho ni ya vitoto,
kuzunguka milangoni na kugonga makombe!"
Wavulana watatu wakaitikia kwa vichwa.
Sikubishana naye. Nikampa kamba afunge vifuko,
maana mtu mzima hupewa kazi.

Zilibaki lozi kumi na moja.
Wadha alizihesabu mara mbili, kisha mara ya tatu,
kwa kuwa Mundhir alisema ni kumi na mbili.

Niliyoyanyamazia ni haya:
mwakani wavulana watavuka barabara,
skuli yao ina geti la buluu;
wasichana watakwenda upande wa msikiti.
Hawa wawili, wanaogombana tangu darasa la kwanza
kwa sababu ya kifutio kimoja kilichokatika,
kila mmoja atamkosa wa kugombana naye.
Nimewafundisha kugawanya miaka minne.
Mgawanyo huu si wangu.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
aliyefika huku na kanga mbili na mbuzi ya nazi,
alikuwa akisema mwezi wa kumi na nne hauna siri,
humulika hata aliyejibanza nyuma ya mlango.
Nilidhani anatuzuia tusikimbie kuosha vyombo.

Baada ya tarawehe mtaa ukaanza kulia.
Kombe kwa kombe, jiwe kwa jiwe,
karan-ka, karan-ka,
ule mlio unaosikika kabla ya mtoto kuonekana.
Wakaja kundi baada ya kundi,
kofia zimewaangukia machoni,
vifuko vyetu vya asubuhi vinaning'inia shingoni.
Mmoja alilisahau jina langu, akaniita
Mwalimu wa Kujumlisha.

Nyuma yao, kando ya gari la jirani,
kivuli kirefu kuliko wenzake.
"Namsindikiza mdogo wangu tu," kikasema.
"Vyema. Na mikono mbona iko mgongoni?"

Mwezi ulikuwa umeshajibu.
Foronya. Foronya nzima, ya maua ya samawati,
ya kitandani kwa mama yake bila shaka,
imejaa hadi karibu na mshono.

Sikucheka. Niliingia ndani nikachukua
zile lozi kumi na moja nilizozifunga kwenye leso,
nikazitia moja moja, nazo zikadondoka
juu ya njugu za nyumba nyingine
kwa sauti ndogo ya mvua isiyonyesha huku.
Akazihesabu kwa midomo. Nilimwona.
"Mwalimu," akanong'ona, "usimwambie Wadha."

Ng'ambo ya gari makombe mawili yakagongana,
karan-ka,
na sauti ninayoijua ikasema:
"Nimeshasikia. Na hizo lozi ni za kwetu."